Buibui wa Usambara ndani ya kabati la Leipzig

Najua nimepotea tangu mwezi wa kumi na moja, mitihani ya huku haina huruma. Ila kuna jambo limenikaa kichwani wiki hizi, na nyie mnanijua, nikikosa usingizi naandika.

Kwa kifupi ni hivi. Hapa Leipzig tunapanga nyumba moja watu watatu. Mmoja wetu, Mjerumani wa mwaka wa mwisho wa biolojia, anafuga tarantula. Sio mmoja, tisa! Kila mmoja yuko kwenye boksi lake la plastiki lenye matundu ya hewa, yamepangwa kabatini kama vitabu. Siku niliyoandika kwenye WhatsApp kwamba naishi na buibui wa rangi ya chungwa, mshkaji wangu wa Tanga akauliza kama nimeanza biashara ya mavazi ya akina mama. Hapana bwana, sio buibui la kuvaa. Huyu ana miguu minane na hasira.

Na huyo wa chungwa ndiye habari yenyewe. Siku nahamia, jamaa alinipitisha kabati zima kama mtu anayetambulisha ukoo wake. Huyu wa Mexico, huyu wa Brazil, huyu wa India. Akafika boksi la chini akasema, "Na huyu ni Usambara." Nikamwambia hebu rudia. Akarudia. Jamani, mimi nimezaliwa Lushoto! Nimevuka bahari, nimepigwa na baridi, nimefika chumbani namkuta wa nyumbani ameshatangulia.

Kumbe Wajerumani jina la Usambara wanalo midomoni siku nyingi. Lile ua dogo la zambarau ambalo bibi zao wanaliweka dirishani wanaliita "Usambaraveilchen". Ofisa wa kikoloni, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelituma huku kutoka milima yetu, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi la Saintpaulia. Miaka minne baadaye, 1897, Mwingereza Reginald Pocock akamwandika huyu buibui: Pterinochilus murinus. Hilo murinus maana yake ni wa panya. Na kweli wengi wa aina hii, kuanzia huku kwetu hadi Angola, wana rangi za kijivu na kahawia. Hawa wa chungwa kali ndio wafugaji duniani wanawaita Usambara.

Sasa, kwa wale mnaodhani kufuga tarantula ni kama kufuga paka, sahauni. Hashikwi. Tarantula wa Amerika wengi wana vinywele tumboni vinavyowasha, wakiudhika wanakupukutishia. Hawa wa kwetu Afrika hawana vinywele hivyo, kwa hiyo silaha yao ni meno. Na wa Usambara hajui mzaha. Ukifungua boksi vibaya anainua miguu ya mbele juu, anaonyesha meno, halafu anakimbia mbio ambazo jicho halifuati. Sumu yake haijulikani kuua mtu, ila wanaong'atwa wanasimulia maumivu makali na misuli kukakamaa kwa siku kadhaa. Wafugaji wamempa jina la utani ambalo kwa Kiswahili ni kama "kitu cha chungwa kinachong'ata".

Matunzo yenyewe ni mepesi kuliko kumtunza kuku. Udongo mkavu wa kutosha ili achimbe, gamba la mti la kujificha, kifuniko cha chupa chenye maji, na joto la kawaida la chumba. Chakula ni nyenje au mende, ambao huku wanauzwa dukani kwenye makopo (mama aliposikia mende wanauzwa alicheka mpaka simu ikakatika). Mara moja kwa wiki inatosha, na akigoma mwezi mzima usiwe na presha. Boksi lisiwe refu sana kwa huyu wa ardhini, maana tumbo lake ni laini, akianguka hata kimo cha mkono linaweza kupasuka.

Basi mwezi wa kwanza mama yake jamaa akalazwa hospitalini, mji mwingine. Ilibidi aondoke usiku huohuo, akaniachia funguo, kibano kirefu na karatasi ya maelekezo. Wiki tatu. Nikamwambia kaka nenda kamwangalie mama, hawa niachie mimi.

Wiki ya kwanza shwari. Wiki ya pili wa Usambara akakataa nyenje. Nikamtoa yule nyenje kama karatasi ilivyosema. Akaziba mlango wa shimo lake kwa utando, nikamwona kupitia ubavu wa boksi tu. Siku ya nne, saa tano usiku, nachungulia namkuta amelala chali, miguu juu, hatikisiki.

Hapo ndipo mtu asiyejua anamtoa na kumtupa. Lakini karatasi ilikuwa na sentensi moja imepigiwa mstari mara mbili: akilala chali hajafa, usimguse. Buibui anayekufa hukunja miguu chini ya mwili, kama ngumi. Na mimi nasoma uhandisi wa maji, sababu yake ikaniingia vizuri. Mguu wa buibui una misuli ya kukunja, ila kwenye maungo yake makubwa hauna ya kunyoosha. Anaunyoosha kwa kusukuma majimaji ya mwili kwa presha, kama mkono wa katapila. Presha ikiisha, miguu inajikunja yenyewe. Huyu wangu miguu ilikuwa imefunguka kabisa. Maana yake pampu bado inafanya kazi.

Alikuwa anajivua gamba. (Mliokuwepo Bongo mwaka 2011 mnakumbuka msemo huo ulivyovuma kwenye siasa. Huyu alikuwa anajivua kweli.)

Nikavuta kiti nikakaa. Ngozi ya juu ilipasuka mbele, kama kifuniko kinavyofunguka, halafu akaanza kujitoa polepole. Anasukuma, anapumzika, anasukuma. Miguu yote minane inatoka kwenye soksi zake kwa pamoja. Meno nayo yanavuliwa, na hata utando wa ndani wa mapafu. Meno mapya yalikuwa meupe kama mchele, laini, na hapo hata nyenje mmoja angeweza kumdhuru. Mguu mmoja aliokuwa ameupoteza zamani, sijui kwa ajali gani, ulikuwa umeota tena, mwembamba kidogo kuliko wenzake. Nikamrekodi nikamtumia jamaa hospitalini. Akajibu saa tisa usiku: "Mama kaangalia mara tatu." Mama yake alikuwa ametoka chumba cha upasuaji juzi yake. Sikulala tena.

Jamaa aliporudi (mama anaendelea vizuri, ashukuriwe Mungu) akalichukua lile gamba, akalilowesha kwa maji na sabuni kidogo, akalikunjua na kuliweka chini ya hadubini. Mpaka hapo hakuna aliyejua kama huyu ni dume au jike. Ukiangalia ngozi ya tumbo kwa ndani, jike ana kifuko cha kuhifadhia mbegu za dume. Akanipisha nichungulie. Kipo.

Na hapa ndipo usingizi wangu ulipoishia. Jamaa anamaliza masomo, amepata kazi mji mwingine, chumba kidogo. Anapunguza. Akaniambia, "Huyu ni wa kwenu, na umemlinda. Mchukue."

Angekuwa dume ningejibu hapohapo. Dume akishakomaa hana maisha marefu, mwaka mmoja hivi au pungufu, tungeagana kabla sijahitimu. Lakini jike wa aina hii anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Wadau, mimi kibali changu cha kuishi hapa kinaisha mwakani! Buibui wa Usambara ana uhakika wa Ujerumani kuliko mimi wa Usambara.

Nikampigia mama. "Mwanangu, nimekupeleka Ulaya ukasome, sio ukachunge buibui." Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Sasa kwa nini usije naye tu umwachie huku Mombo?" Swali zuri, na jibu lake linauma. Huyu amezaliwa ndani ya boksi, kwa wazazi waliozaliwa ndani ya maboksi. Mnyama wa kufugwa ukimwachia porini unaweza kupeleka magonjwa kwa wale walioko huko. Hana pa kurudi, ingawa jina lake lote ni la kurudi.

Nilimuuliza jamaa pia wale wa kwanza kabisa walifikaje huku, na nani aliwaruhusu. Akaniambia hajui, wake alinunua kwa mfugaji wa huku, na karibu wote wanaouzwa sasa wanazaliwa hukuhuku. Nyumbani serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Wale wa Mexico wenye magoti mekundu wamo kwenye mkataba wa CITES tangu 1985, kwa sababu walikuwa wanabebwa mno. Sina ugomvi na jamaa, anawatunza kuliko wengine wanavyotunza watoto. Ila kuna mtu mahali fulani aliwahi kuinama kwenye nyika yetu, akachimba, akafunga kwenye kopo, na jina la mlima likasafiri pamoja na mzigo. Ua vilevile. Kahawa tusiiseme.

Juzi nimempa jibu. Nimemwambia namchukua, kwa sharti moja: siku nikiondoka Ujerumani anamrudia yeye, popote atakapokuwa, na tuandike. Akachukua ileile karatasi ya maelekezo, akageuza nyuma, akaandika, tukatia sahihi wote wawili. Mwenzetu wa tatu, ambaye anaogopa hata inzi, ndiye shahidi.

Boksi sasa liko mezani kwangu kando ya vitabu vya haidroliki. Jana kala nyenje wawili, wa kwanza tangu ajivue. Jina bado, naomba mapendekezo, ila mtu asinipe jina la shemeji yake.

Haya, Jumatatu nina mtihani wa mabwawa. Niombeeni. Alamsiki.