Mto Nzoia na Majina Yake

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo, mgeni wa siku hizi aghalabu hupiga picha akaenda zake bila kumuuliza mwenyeji neno. Ndivyo wengi wauzurupo mji mdogo wa Webuye, katika Kaunti ya Bungoma, ambako Mto Nzoia hushuka kwa kishindo kwenye maporomoko ya Nabuyole.

Safari ya huko yafaa ianzie Kitale. Pana jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1974, ambalo chimbuko lake ni mkusanyiko wa mlowezi Kanali Hugh Stoneham, na karibu nalo mna njia ya miguu ipitayo msituni. Mtembezi apumzikapo chini ya miti hiyo, na ajiulize: mbona kaunti hii ikaitwa Trans Nzoia, yaani ng'ambo ya Nzoia? Ng'ambo kwa nani? Kwa mlowezi aliyetokea Uasin Gishu akauvuka mto. Kwa aliyezaliwa huku, hapa hapakuwa ng'ambo, palikuwa nyumbani.

Jina, basi, hueleza aliposimama aliyelitoa. Katika ramani za wakoloni, Webuye iliandikwa Broderick Falls. Jina hilo limepita, Nabuyole lingaliko.

Karibu na mji pana kilima cha Chetambe. Wageni hukipanda ili wapunge upepo na kulitazama bonde, na hapana ubaya. Lakini hapo ndipo, mwaka 1895, Wabukusu walipojihami ndani ya ngome yao dhidi ya kikosi cha Waingereza. Bunduki ziliwashinda, na wengi wakauawa. Asiyeambiwa hayo huona majani na mawe tu.

Masimulizi ya vita hivyo yamo katika Lubukusu, vinywani mwa wazee, na kila matanga huwapunguza wasimulizi. Mwanafunzi wa Kiswahili huvikariri vipera vya fasihi simulizi kwa ajili ya mtihani, ilhali visakale vyenyewe viko safari ya matatu moja tu kutoka Kitale. Likizo ijapo, na aende Nabuyole akaburudike. Kisha aketi na wazee, awasikilize kwa adabu, anase sauti zao kwa idhini yao, na ayafasiri Kiswahilini waliyomwambia. Hapo ndipo mwenyeji atakapopona.