Maji ya Mji na Mfuko Wake

Maji yaangukayo angani hayana mwenyewe. Humnyeshea tajiri na maskini, hujaza mito bila ya kuuliza mpaka wa wilaya, na hushuka baharini bila ya kuaga. Lakini yakisha kuingia katika bomba, yakachujwa, yakatiwa dawa na kusukumwa mpaka mlangoni mwa nyumba, hupata gharama. Na kila chenye gharama hutafuta mlipaji, mpokeaji na mtunza mfuko. Hapo maji huacha kuwa jambo la mawingu yakawa jambo la utawala. Kijiji chaweza kuishi kwa kisima kimoja na adabu ya kupokezana kamba. Mji hauwezi. Mji wataka bwawa, mtambo, bomba, fundi, karani na daftari. Na siku moja utataka pia kuamua daftari hilo likae mezani kwa nani.

Nairobi ni mfano mwema wa jambo hili, kwani mji wenyewe ulipata jina lake kwa maji. Wamaasai walipaita mahali pale kwa maji yake ya baridi. Reli ilipofika mwaka 1899, kambi ya wajenzi iligeuka mji kabla ya mtu kuupangia mifereji. Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi, na wakubwa wa serikali wakalichoma moto. Moto ulikuwa dawa ya siku ile. Dawa ya kudumu ilikuwa usafi, na usafi haupatikani pasipo maji. Chemchemi za Kikuyu zilianza kuunywesha mji katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20. Bwawa la Ruiru lilifuata mwaka 1938, la Sasumua katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1994 likaja la Ndakaini, kubwa kuliko yote, lenye kuchukua mita za ujazo milioni 70. Kila kiu ya mji ilijibiwa kwa ukuta mbali zaidi katika miteremko ya Nyandarua. Lakini ukuta huzuia maji tu; hauzuii fedha.

Kwa miaka mingi kazi ya kuugawia mji maji na kuuondolea maji taka ilikuwa ya idara ya Baraza la Jiji. Idara ilikuwa na wahandisi wenye maarifa na mafundi waliojua kila bomba lilipozikwa. Kilichokosekana ni mfuko wake wenyewe. Ada ya maji iliingia katika hazina moja na kodi za nyumba na leseni za maduka, na ikitoka ilitoka pamoja na mahitaji mengine yote ya baraza. Mwenye nyumba alilipa akidhani amenunua maji, kumbe huenda amelipa mshahara wa ofisi asiyoijua. Bomba likipasuka, fundi aliomba vipuri, na ombi lake likapanga foleni nyuma ya maombi yenye kelele kubwa kuliko lake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maji ya mji yalikuwa na daftari, walakini lilikuwa limeandikwa pamoja na madaftari mengine hata isijulikane hasara ni ya nani.

Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilikuja kuyatenganisha yaliyochanganyika. Ilitenga utunzaji wa mito na chemchemi na kazi ya kugawa maji. Ikaweka msimamizi wa kutazama bei na ubora wa huduma. Ikaunda bodi za huduma za majimbo, zipewe leseni na zishike mali kubwa kama mabwawa na mitambo. Kazi ya kila siku ya kufungua maji, kusoma mita, kuziba mipasuko na kukusanya ada iliachiwa watoaji huduma. Basi mnamo Desemba 2003 iliandikishwa Kampuni ya Maji Safi na Maji Taka ya Nairobi kwa sheria ya makampuni, na mwaka 2004 ikaipokea kazi ya idara. Hisa zake zote zilikuwa za Baraza la Jiji. Waliokuwa watumishi wa idara jana wakawa watumishi wa kampuni leo, wengi wao katika kazi zile zile na juu ya mabomba yale yale.

Mtu mwenye haraka angeuliza: ikiwa mwenye mali ni yule yule, na mafundi ni wale wale, kilichobadilika ni nini? Swali hilo si la upuuzi. Na wapo waliokwenda upande wa pili, wakaona katika neno kampuni mwanzo wa kuyauza maji kwa matajiri. Hofu yao nayo haikutoka hewani. Mwaka ule ule wa 2003 Dar es Salaam iliukabidhi uendeshaji wa maji yake kwa kampuni ya watu binafsi kwa mkataba wa miaka 10. Mwaka 2005 serikali ya Tanzania ikauvunja mkataba, ikaweka shirika lake yenyewe, DAWASCO, lililokuja kuunganishwa na DAWASA mwaka 2018. Lakini kampuni ya Nairobi haikuwa ya namna hiyo. Haikuwa na mgeni wa kupelekewa faida. Ilikuwa kama mtoto aliyepewa shamba na baba yake alime na kuweka hesabu, hali hati ya shamba imebaki sandukuni mwa baba.

Kilichobadilika ni mahali pa mfuko na idadi ya macho yanayoutazama. Kampuni ina bodi yake, hesabu zake na mkaguzi wake. Ina mkataba wa huduma unaosema itoe nini. Ina msimamizi anayetoa ripoti kila mwaka na kuipanga mbele au nyuma ya wenziwe mchana kweupe. Kanuni iliyo roho ya mpango wote ni fupi: fedha ya maji irudi kwenye maji. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 iliirudia kanuni hiyo, kwamba mapato ya huduma yatumike katika gharama za huduma na kuijenga. Kanuni fupi aghalabu ndiyo nzito kuitimiza. Mwenye hisa zote, aliye na mishahara ya kulipa na uchaguzi wa kushinda, huuona mfuko uliojaa upande wa pili wa ukuta mwembamba. Ukuta huo ni karatasi. Unasimama kwa heshima ya mwenye nyumba tu.

Kwa hiyo sifa ya kwanza itakiwayo katika jambo hili ni ya mwenye kampuni kabla ya kuwa ya kampuni: ajizuie. Aweke wajumbe wa bodi kwa kujua kwao, wala si kwa undugu au kura. Amwache meneja aajiri fundi pale panapotakiwa fundi. Alipe deni la maji la ofisi zake kama alipavyo mkaaji wa chumba kimoja. Mji wa Nyeri ulitoa ushuhuda mapema. Baraza lake liliunda kampuni ya maji mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla ya sheria ya mwaka 2002 kuwataka wengine wafanye hivyo, na mara nyingi kampuni hiyo imeshika nafasi ya kwanza katika ripoti za msimamizi. Chombo ni cha namna moja na cha miji mingine. Matokeo si ya namna moja. Ni dhahiri basi kwamba chombo peke yake hakitoshi.

Kipimo cha chombo hiki ni maji yanayopotea. Maji husafishwa kwa gharama, yakatiwa bombani, kisha sehemu yake isionekane katika hesabu ya yeyote: mengine yamevuja ardhini, mengine yameibwa kwa maungio ya usiku, mengine yamepita katika mita iliyokufa. Msimamizi hukubali upotevu usiozidi asilimia 25. Kwa miaka mingi ripoti zake zimeonyesha kwamba makampuni ya nchi, yakihesabiwa pamoja, hupoteza zaidi ya asilimia 40. Maana yake ni kwamba katika kila mitungi 10 iliyosafishwa, 4 haikumlipa mtu wala haikurudisha gharama yake. Upotevu huu ulikuwako wakati wa idara. Sifa ya kampuni ni kuwa sasa una jina na tarakimu, na aibu yake inatangazwa. Aibu iliyoandikwa ni mwanzo wa dawa, lakini si dawa.

Mabadiliko mengine yalipita polepole katika lugha. Aliyekuwa mwananchi mbele ya idara akawa mteja mbele ya kampuni. Neno mteja lina adabu yake: mteja husikilizwa, hupewa risiti, huwa na haki ya kulalamika juu ya kile alicholipia. Kwa upande huo mkaaji wa mji alipanda cheo. Lakini katika Kiswahili cha kale mteja alikuwa pia mtu aliye mikononi mwa mganga, angojaye dawa asiyojua itafika lini, na mji wa maji ya mgao wamfahamu sana mteja wa namna hiyo. Tena liko jambo zito zaidi. Mteja ni yule mwenye mita. Asiye na mita si mteja. Na kama si mteja wala hahesabiwi mwananchi, ni nani?

Jibu linatembea kila asubuhi katika vichochoro vya Mathare, Kibera na Mukuru, likiwa na mtungi wa plastiki wa lita 20. Hesabu yake ni rahisi. Mita moja ya ujazo ni lita 1000, yaani mitungi 50. Mtungi ukiuzwa shilingi 5, mita hiyo imegharimu shilingi 250. Siku ya shida, mtungi ukifika shilingi 20, imegharimu 1000. Mwenye nyumba ya mawe hulipa kwa mita bei iliyopangwa na msimamizi. Mwenye nyumba ya mabati hulipa bei iliyopangwa na ukame na mchuuzi. Dau la mnyonge haliendi joshi. Kampuni imejaribu kulisaidia dau hili kwa vibanda vya maji, na tangu mwaka 2015 kwa mashine za kadi katika Mathare. Na palipofika bomba halali, bei ilishuka. Lakini mtaa usio na hati ya ardhi ni mgumu kuuchimbia bomba, na daftari la biashara halina safu ya kuandika utu. Safu hiyo sharti itiwe na mwenye hisa. Ndiyo sababu inafaa mwenye hisa awe baraza lililochaguliwa, wala si mfanyabiashara. Na ikiwa baraza halitii safu hiyo, umiliki wake hauna faida ambayo mwingine asingeweza kuileta.

Jina la kampuni lina nusu ya pili, nayo husahauliwa upesi: maji taka. Kila mtu hupigania maji yanayoingia nyumbani. Hakuna apiganiaye yanayotoka. Mwanasiasa hufungua bomba mbele ya wapiga picha, lakini ni nadra kumwona akifungua mfereji wa choo. Hata hivyo maji ni yale yale, yamebadili upande wa nyumba tu. Uchafu wa Nairobi uliobahatika kupata bomba huelekea mashariki, sehemu kubwa kwenye mabwawa ya kusafishia ya Ruai. Sehemu isiyo na bomba hushuka katika mito ya mji. Mto Nairobi humwagikia Athi, Athi hugeuka Galana, Galana huitwa Sabaki, na Sabaki hufika baharini kaskazini ya Malindi. Hivyo mvuvi wa pwani, asiyepata kuiona Nairobi, ni jirani wa kila nyumba ya jiji. Hana mita, hana hisa, wala hana kura katika uchaguzi wake. Kampuni iliyopewa maji safi peke yake ingeweza kumsahau bila ya kuvunja mkataba. Kuunganisha huduma mbili katika kampuni moja kulikuwa uamuzi wa busara, maana anayeuza kikombe cha kwanza amefungwa na deni la kikombe cha mwisho.

Katiba ya mwaka 2010 iliongeza uzito juu ya mizani. Kifungu cha 43 kilifanya maji safi, salama na ya kutosha, pamoja na usafi unaostahili, kuwa haki ya kila mtu. Na nyongeza ya nne ikaiweka kazi hiyo mikononi mwa kaunti. Mwaka 2013 hisa zikawa za kaunti badala ya baraza. Tangu hapo kampuni hutumikia mabwana wawili ndani ya nafsi moja: haki, isemayo kila mtu apate, na hesabu, isemayo kila tone lilipiwe. Mabwana hao si maadui. Haki isiyo na hesabu hukauka bombani, na hesabu isiyo na haki huacha nusu ya mji nje ya mlango.

Wala isidhaniwe kwamba kampuni yaweza kuzaa mto. Wakaaji wa Nairobi walihesabiwa 2,143,254 mwaka 1999. Mwaka 2019 walikuwa 4,397,073. Watu waliongezeka zaidi ya mara mbili, na katika miaka hiyo yote hakuna bwawa jingine mfano wa Ndakaini lililozaliwa. Mwanzoni mwa mwaka 2017 ukame ulipolipunguza bwawa hilo, mji ukaingia katika mgao. Tena Ndakaini iko Murang'a, na Sasumua iko Nyandarua. Nao wenyeji wa huko, wakitazama bomba nene likipita mashambani kwenda kwa jirani, huuliza fungu lao. Mfuko wa maji basi una wadai wengi kuliko wale waliotajwa katika hati ya hisa: wa juu ya bwawa, wa chini ya mto, na wa kichochoroni.

Kampuni ya baraza ni mtungi. Mtungi mzima ni bora kuliko uliopasuka, na mtungi wenye kipimo ni bora kuliko usio nacho; mji uliouacha ule wa kale ulikuwa na haki ya kuuacha. Lakini hakuna mtungi uliopata kujichotea maji wala kujigawia kwa haki. Mkono uushikao ukiwa na tamaa, utamwaga. Ukiwa na upendeleo, utawanywesha walioshiba. Ukiwa mwadilifu, maji machache yatawafikia wengi. Mji ukitaka kujua kama ulifanya vema kuikabidhi kampuni maji yake, usiangalie bango lililo juu ya lango la ofisi. Usome mara tatu: daftari la mapato, bei ya mtungi katika kichochoro cha mwisho, na rangi ya mto unapouacha mji.