Kisu cha Kukunja Kimfaacho Askari

Methali ya wahenga yasema: Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mkulima huitumia akimhimiza mwanawe asome kwa bidii, na karani huitumia akiona mwenzake amepandishwa cheo. Lakini yuko mtu mmoja ambaye methali hii haimfai, naye ni askari polisi. Kisu chake si cha kumpatia nyama. Ni cha kumsaidia mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo hamjui hata jina. Nasema hivi kwa sababu mwaka huu nilipewa kazi ya kumchagulia askari kisu cha kukunja, nikaona kwamba kazi hiyo, ingawa yaonekana ndogo, ina mambo mengi ya kufikiriwa.

Mpwa wangu alimaliza mafunzo yake katika chuo cha polisi cha Kiganjo, karibu na Nyeri, akapangiwa kazi Bungoma. Mama yake, ambaye ni dada yangu, aliniomba nimpatie kijana zawadi ya kumsaidia kazini. Mimi ni mkulima wa mahindi nje kidogo ya mji wa Kitale, na tangu ujana wangu sijakosa kisu mfukoni. Hukata nacho kamba za magunia, na mipira ya maji, na hata mkate wangu wa saa nne. Kwa hiyo nikasema nitampa kisu. Dada yangu hakupendezwa. Aliniuliza, "Kaka, askari ana bunduki na rungu. Ukimwongezea kisu, si utakuwa umemwongezea ugomvi?" Swali hilo lilinikaa moyoni, na ndilo lililoniongoza madukani kuliko bei yoyote.

Jibu la kwanza nililipata katika sheria. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali lake la Sita, yamwagiza askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Tena Serikali ikitaka askari awe na silaha, humpa yenyewe, kwa hesabu na kwa daftari. Kisu cha mfukoni hakimo katika hesabu hiyo. Ni chombo cha kazi kama kalamu na tochi. Nilimwambia kijana kwamba kabla ya yote amwulize mkuu wa kituo chake kama aweza kuchukua kisu akiwa zamu, na cha namna gani. Akikatazwa, kitabaki nyumbani kikimenya machungwa, wala hatakuwa amepoteza kitu.

Baada ya hapo nikajiuliza ni kazi gani hasa itakayomkuta. Barabara ya kutoka Kitale kwenda Bungoma hupita Kiminini, hushuka Kamukuywa, hupita Misikhu mpaka Webuye, kisha hugeuka kuelekea magharibi. Humo hupita malori ya mahindi, trekta za miwa, pikipiki, na matatu zilizojaa watu. Tangu kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika mwaka 2004, abiria wa matatu wapaswa kufunga mikanda. Mkanda huokoa maisha, lakini gari likipinduka, uzito wa abiria anayening'inia huukaza mkanda, hata pengine kifungo chake kikakataa kufunguka. Hapo askari anayefika kwanza ahitaji kisu, na huenda mkono wake mmoja unamshikilia majeruhi. Kisu kinachotaka mikono miwili na ukucha mrefu ndipo kifunguke hakimfai mtu huyu.

Kazi nyingine ni za kila siku: ng'ombe aliyenaswa katika kamba, au furushi la mali ya wizi lililofungwa kwa katani. Katika jambo la furushi, askari hakati penye fundo. Hukata mbali nalo, kwa maana jinsi fundo lilivyofungwa huweza kuwa ushahidi mbele ya hakimu. Tena kisu kilichokata muwa asubuhi hakifai kugusa kitu cha ushahidi jioni kabla hakijasafishwa vizuri.

Basi nilipoingia madukani Kitale niliangalia mambo manne, nami nawapa wasomaji kama nilivyoyapima.

La kwanza ni komeo. Kisu cha kukunja kisicho na komeo chaweza kujifunga chenyewe juu ya vidole vya mwenyewe wakati anapokaza mkono. Joseph Opinel wa Savoie, Ufaransa, alianza kutengeneza visu vyake vya mpini wa mti mwaka 1890, lakini pete ya kukizuia kisu kisijifunge haikuwekwa mpaka mwaka 1955. Ukitaka kupima komeo, fungua kisu, kisha bonyeza mgongo wake juu ya meza kwa nguvu ya kadiri, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikilegea, mrudishie mwenye duka.

La pili ni chuma. Kitale tuna mvua kwa miezi mingi ya mwaka, na Bungoma kuna maji ya muwa yanayonata. Chuma cha kawaida hunoleka upesi, lakini hushika kutu upesi vilevile. Mafundi wetu wa jua kali hufua visu vigumu sana kutokana na springi za malori, nami ninacho kimoja cha jikoni ambacho sikiuzi. Lakini kiungo cha kisu cha kukunja chataka vipimo vya udogo wa unywele. Nikaamua kutafuta chuma kisichoshika kutu, na makali yasiyo na meno. Makali ya meno hukata mkanda vizuri, lakini kuyanoa kwa kinoo cha kawaida ni taabu.

La tatu ni urefu. Sentimita saba au nane zatosha kwa mkanda na kamba. Kinachozidi hapo huzidisha uzito na maswali.

La nne ni ncha, na hapa ndipo tulipobishana, mimi na mpwa wangu. Yeye alikuwa amekwisha kuona kisu cheusi, chenye ncha kama mwiba, kinachofyatuka kwa mlio. "Mjomba," akasema, "hiki ndicho cha askari. Mtu akikiona ataheshimu." Nikamwuliza, "Ataheshimu, au ataogopa?" Hakujibu.

Nilimweleza jambo nililoliona katika soko moja, ambalo silitaji jina. Askari mmoja alitaka kukata kamba ya gunia la kabeji ili alikague. Alitoa kisu chake kwa mbwembwe, kikalia, kikang'aa, na watu wote waliokuwa karibu wakarudi nyuma hatua moja. Askari yule hakumtisha mtu kwa neno, wala hakumgusa mtu. Lakini tangu hapo hakuna aliyejibu maswali yake. Mama mwenye kabeji alitazama chini mpaka alipoondoka.

Hata chombo chema chaweza kupata jina baya. Kisu kiitwacho Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Afrika, na baadaye utengenezaji wake ukahamia Afrika Kusini. Wakulima na wachungaji wengi hukitumia kwa kazi halali. Lakini huko Afrika Kusini jina lake limeingia pia katika habari za wahuni, na mlio wa komeo lake hukumbusha watu mabaya.

Kisha nikamwambia mpwa wangu kwamba anakwenda kwa watu wanaojua maana ya kisu. Wabukusu wa Bungoma huwatahiri vijana wao mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, kama 2022 na 2024. Ngariba hapewi kisu kwa sababu ya nguvu zake. Hukishika kwa sababu ukoo wake wajulikana na mkono wake hautetemeki. Watu kama hao, askari akitoa kisu mbele yao, hutazama mkono kwanza.

Tulichonunua ni kisu chenye ncha butu, ambacho Waingereza hukiita mguu wa kondoo. Mabaharia wa zamani walikipenda, kwa kuwa merikebu ikiyumba waliweza kukata kamba bila kumchoma mtu aliye karibu. Sifa hiyohiyo yafaa ndani ya gari lililopinduka, ambapo makali hupita sentimita moja tu kutoka kifua cha mtu. Hufunguliwa kwa kidole gumba, polepole, bila mlio. Mpini wake ni wa rangi ya machungwa, ili kikianguka majanini usiku kionekane kwa tochi. Bei yake ilikuwa karibu na ya madebe mawili ya mahindi. Kabla ya kulipa tulikijaribu juu ya kipande cha mkanda wa gari kuukuu, kikapita mara moja.

Mkuu wa kituo alikitazama, akakiruhusu. Mpaka sasa kimekata kamba nyingi na hakijakata mkanda hata mmoja, nasi twaomba iendelee hivyo. Dada yangu alipoambiwa kwamba bibi mmoja wa sokoni Bungoma alimwomba kijana amwazime kisu afungue gunia lake la maharagwe, alicheka, akasema kwamba sasa amelala usingizi.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na mtoto au ndugu katika kazi hii, usimnunulie kisu kinachomfanya aonekane mkali. Kikague komeo, chuma, urefu na ncha, kisha kifungue mbele ya mama yako mzazi. Asiporudi nyuma, kilipie.