Kwenda Unguja Mwezi wa Julai

Katika nchi nyingi za Ulaya, swali la lini familia iende kwenye kisiwa cha joto huwa limekwisha kujibiwa na shule na mwajiri kabla mtu hajafungua ramani. Sheria ya likizo ya Sweden humpa mfanyakazi haki ya kupumzika wiki nne mfululizo kati ya Juni na Agosti. Ujerumani, majimbo hupishana tarehe za kufunga shule ili barabara zisielemewe kwa wakati mmoja. Na Uingereza, katika sehemu ya England, mzazi anayemtoa mtoto darasani kwenda matembezini bila ruhusa anaweza kutozwa faini, ambayo tangu Agosti 2024 huanzia pauni 80. Mwaka 2017 baba mmoja wa kisiwa cha Wight, aliyempeleka binti yake Marekani wakati wa masomo, alishindwa kesi ya namna hiyo mbele ya Mahakama ya Juu. Mswahili aishiye huko na wanawe hana hiari kubwa kuliko jirani yake: humlazimu kurudi kwao wakati wa likizo ndefu, nauli ikiwa imepanda, na Julai, au Agosti inayoifuata, ndiyo humwangukia.

Nyumbani hesabu huanzia kwingine. Pwani ya Afrika Mashariki imeishi kwa pepo mbili kuu: kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi na ambayo ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na kusi, inayoshika baada ya mvua za masika na kuendelea hadi Septemba, ambayo ndiyo iliyoyarudisha. Kati ya pepo hizo kuna maleleji, yaani kipindi ambacho upepo haujaamua uelekeo wake. Kwa hiyo Julai, ambayo vipeperushi vya Ulaya huiita kiangazi kwa sababu huko ni kiangazi, Unguja huitwa kipupwe, msimu wa ubaridi, ambapo joto la mchana huwa karibu nyuzi 28 na wazee hutafuta shuka alfajiri. Mgeni hucheka akiambiwa kwamba hiyo ni baridi, lakini aliyezaliwa huko, hata akikaa Stockholm miaka 20, huielewa.

Tofauti hii si ya majina tu. Kusi ikichachamaa, upande wa mashariki na kusini wa kisiwa, kuanzia Paje na Jambiani hadi Makunduchi, hupigwa na upepo mchana kutwa, wavuvi wa vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba unaokinga pwani, na safari za baharini huwa ngumu kwa watu wasiozoea. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam kuelekea Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe bahari ikiwa imechafuka, na watu wengi wakafa. Ajabu ni kwamba watalii wanaocheza kwa kuvutwa na tiara juu ya maji humiminika Paje kwa sababu ya upepo huohuo. Hao, pengine peke yao miongoni mwa wageni, huuliza habari za upepo kabla ya tarehe, kama alivyofanya nahodha wa zamani.

Zaidi ya mwezi wa kalenda kuna mwezi wa angani. Siku za bamvua, yaani siku za maji makuu yanayofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya mashariki hupwa karibu saa nne asubuhi na kuacha mchanga mtupu hadi mbali, wakati ambapo wanawake huenda kwenye mashamba ya mwani na wengine hutafuta pweza. Mgeni aliyelipia chumba kinachotazama maji hudhani ameibiwa, ilhali mwenyeji alijua saa hiyo tangu mwezi ulipoandama.

Julai pia ina Mwaka Kogwa wa Makunduchi, sherehe ya mwaka mpya wa jua ambao jina lake lingine ni Nairuzi, ambapo wanaume hupigana kwa mapande ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake huimba. Mwaka huo wa asili huhesabiwa kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, hadi kufikia siku 365 bila siku ya ziada ya mwaka mrefu, kwa hiyo ukifuatwa sawasawa hurudi nyuma siku moja kila miaka minne ya kalenda ya kimiladi. Kukutana kwake na likizo za Ulaya, basi, hakukupangwa na mtu yeyote wa utalii.

Mwenye watoto wa shule hana budi kuipokea Julai pamoja na upepo wake, na akipenda kuogelea kwa utulivu achague Nungwi, upande wa kaskazini, badala ya Jambiani. Asiye na watoto wa shule hana sababu ya kuilipia. Anayetaka maembe na bahari ya kaskazi aende Januari, joto alistahimili; na anayetaka kipupwe aende katikati ya Juni, masika yakiwa yamekwisha na shule za England hazijafungwa.