Mwili wa mgonjwa wa akili

Juzi mwanafunzi wa uuguzi aliniuliza mbele ya mgonjwa: "Papa, huyu anaumwa akili tu, mbona unamkagua hadi miguu?" Anakaribia kupata diploma. Niliumia.

Kule Mweso, mashariki mwa Kongo, nilikofanya kazi zamani, mgonjwa wa akili alifika hospitali mwishoni mwa safari, baada ya mganga wa kienyeji na chumba cha maombi. Ndugu walimleta kwa kamba, mikono imechubuka, ana njaa. Dawa ilikuwa Largactil. Akipigwa sindano alilala, na akilala wote walipumua.

Aliyetufundisha kuutazama mwili hakuwa daktari. Alikuwa mama wa usafi. Alfajiri, baridi ya milima ya Masisi ikiwa bado imekaza, alikuwa ameshachemsha maji kwenye makaa. Moshi ule na sabuni ya kipande, hadi leo nikivisikia pamoja namkumbuka yeye. Aliwaogesha wale ambao hata ndugu zao waliogopa kuwagusa, akawakata kucha, akawatoa funza, huku akiwaita Papa na Mama kama watu wengine. Mikono yake iliona yasiyoandikwa kwenye fishi: jipu chini ya nywele, uvimbe kwenye ziwa, miguu iliyojaa maji. Asubuhi moja aliniita: "Papa, huyu anaungua." Kijana alikuwa amefika usiku akipiga kelele, ndugu wakisema amerogwa. Kipimo kilionyesha malaria, imeshapanda kichwani. Baada ya siku chache za matibabu aliomba bugali.

Médecins Sans Frontières walianza kuisaidia Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mweso mwaka 2008. Washauri wa afya ya akili wakaja, nasi tukazoea kupima uzito na presha kabla ya dawa, kwa sababu Largactil hushusha presha mtu anaposimama, na haloperidoli hukakamaza shingo na taya. Shirika la Afya Duniani linasema wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, mara nyingi kwa magonjwa ya mwili yanayoweza kuzuiwa.

Nasi wauguzi tulikuwa na saa yetu ya kuzungumza kila juma, mlango umefungwa. Aliyelala porini na watoto wake akikimbia mapigano, kisha akaja zamu kusikiliza mwingine akieleza nyumba yake ilivyochomwa, alipata pa kulia.

Kisha mapigano yakazidi. Januari 2024 maelfu ya waliokimbia mapigano walijibanza hospitalini Mweso. Katika kituo ninachokitembelea sasa, saa ile ya wauguzi imemezwa na ripoti, na mizani iko stoo. Inaniudhi, kwa kuwa mizani haili mafuta wala haihitaji umeme.

Wakubwa wa vituo, itoeni mizani stoo leo. Warudishieni wauguzi saa yao. Na wanafunzi mnaowapokea, waanzisheni kwa beseni la maji ya moto kabla ya sindano.