Karagwe na Kyerwa: Maji Bondeni, Nyumba Kilimani

Ndugu msomaji, leo tusafiri pamoja. Tunatoka Bukoba. Tunapita Kyaka, kisha tunaelekea vilima vya Karagwe. Tunafika Omurushaka. Hapo njia zinaachana. Kayanga ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Karagwe. Njia moja inapita Nkwenda, inakwenda hadi Murongo, mpakani na Uganda. Hiyo ni Wilaya ya Kyerwa, iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012.

Tazama nchi hii. Juu kuna nyumba, migomba na kahawa. Chini kuna mabonde na chemchemi. Mto Kagera ni mkubwa, nao unapita mpakani. Lakini mto hauwezi kupanda kilima. Anayepanda ni mama, dumu la lita 20 likiwa kichwani. Watoto wanamfuata na madumu madogo. Kwa hiyo nyumba nyingi za bati zinakinga mvua.

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya bati la mita 1 ya mraba, inatoa lita 1 ya maji. Bati la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 25, linatoa lita 1,000. Maji kidogo yatapotea, lakini mengi utayapata.

Sasa pima matumizi yako. Tuseme una tangi la lita 5,000, nalo limejaa mwisho wa Mei. Nyumba yako inatumia madumu matatu kila siku, yaani lita 60. Maji hayo yatatosha siku 83. Lakini kiangazi cha Juni, Julai na Agosti kina siku 92. Maji yatakwisha mvua haijarudi. Ukitumia lita 50 kwa siku, yatatosha siku 100. Tofauti ni nusu dumu tu kwa siku! Maji ya tangi yawe ya kunywa na kupikia kwanza. Nguo zifuliwe kwa maji mengine.

Huko Marekani na Ulaya wako watu wanaosafiri na nyumba ndogo yenye magurudumu, inayokokotwa na gari. Nyumba hiyo huwa na matangi. Moja ni la maji safi. Jingine ni la maji yaliyooshea vyombo na kuogea. Jingine ni la choo. Msafiri hutazama kila siku: maji safi yamebaki kiasi gani? Machafu yamefika wapi? Hamwagi choo porini. Anakimwaga mahali palipowekwa kwa kazi hiyo. Bomba la choo haligusi tangi la maji safi.

Nyumba yetu haina magurudumu, lakini kanuni ni hiyo hiyo.

Tangi la maji safi: Safisha bati na mifereji kabla ya mvua za Septemba na za Machi. Acha maji ya mvua ya kwanza yamwagike, kwa sababu yanabeba vumbi na mavi ya ndege. Funika tangi. Weka wavu mdomoni ili mbu wasiingie. Teka kwa bomba. Usichovye ndoo iliyokaa chini. Maji ya kunywa yachemshe.

Maji yaliyotumika: Usiyaache yatuame uani. Maji ya kuoshea vyombo yapeleke kwenye migomba. Mgomba utanywa, na ua utakuwa mkavu.

Choo: Kichimbwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani au chemchemi, na kiwe upande wa chini. Wanaokaa juu ya kilima wakumbuke walio bondeni. Mvua ikinyesha, uchafu unateremka. Choo kibovu cha juu kinaleta kuhara kwa watoto wa chini. Shimo likibakiza nusu mita kujaa, lifukie na uchimbe jingine. Usingoje lifurike.

Ndugu msomaji, leo jioni gonga tangi lako kwa kidole. Sauti ikibadilika, hapo ndipo maji yalipofika. Weka alama kwa mkaa. Baada ya wiki moja gonga tena, utazame maji yameshuka kiasi gani. Kisha hesabu: je, yatafika hadi mvua ijayo? Anayejua kusoma na kuhesabu haviziwi na kiangazi.