Matembezi ya Jioni Kando ya Mto Daua
Mji wa Rhamu uko katika Kaunti ya Mandera, ukingoni mwa mto Daua. Ng'ambo ni Uhabeshi. Bwana mmoja kijana, karani, alihamia huko pamoja na mkewe kutoka nchi ya milima. Siku za kwanza bibi alilia kwa sababu ya joto na vumbi, akaomba arudishwe kwao.

Lakini kila jioni walitembea mpaka mtoni, wakayatazama mashamba ya vitunguu na migomba, na ngamia wakinyweshwa maji yaendayo kuwa mto Juba. Wanawake wa Kigarre walimzoeza chai ya maziwa ya ngamia.

Mvua zilipokosekana, mto ukakauka. Bibi akachimba mchangani pamoja na jirani zake, akapata maji. Jioni ile mumewe alimwuliza, “Sasa turudi kwenu?” Naye akajibu, “Nitaliachaje shimo langu?”